Hati ya Mwosha Masufuria

Dirisha limeganda. Yorkton imelala chini ya theluji,
na hewa ya jikoni kwangu ni kavu kama biskuti ya mwaka juzi.
Dhahabu haipendi ukavu.
Naisogelea herufi ya kwanza, mrija midomoni,
napuliza polepole, pumzi ya tumboni,
si ile ya kupoza chai,
mpaka plasta inate kidogo, kama stempu iliyolambwa.
Kisha karatasi ya dhahabu, nyembamba
hata ukiwaza kwa nguvu inapeperuka.
Inatua.
Naisugua kwa jiwe la akiki. Inaamka.

Nilikuwa posta miaka thelathini na mmoja, nikipanga barua.
Nimesoma majina mengi kuliko kasisi yeyote wa mji huu
na nyuso zao sikuziona.
Sasa nina jina moja tu, nalo limenila majuma sita:
Dorrit Yakimchuk.

Chama chetu kina mfalme. Msicheke.
Jumatatu hadi Ijumaa anabadilisha matairi,
Jumamosi anavaa taji la shaba, nasi tunainama
kwa kuwa tumekubaliana kuinama.
Ndiye aliyenipigia simu:
"Orysia, tumpe Dorrit hati. Lakini asijue."
Asijue! Mwanamke anayejua hesabu ya vijiko vyetu,
na kipi kilipotea karamu gani, na nani alikaa karibu nacho.

Nikaazima kitabu maktaba, kizito kama mtoto aliyelala,
kimejaa kurasa za sala za watu wa kale:
stroberi zinazotambaa pambizoni, tausi,
watakatifu wenye sahani za nuru kisogoni.
Stroberi nilizichukua zote.
Tausi nilimwacha, ana maringo.
Na pale pa mtakatifu nikachora sufuria,
ile kubwa yenye mshikio mmoja
iliyoungua supu ya shayiri mwaka wa mafuriko,
na nyuma yake, duara la dhahabu.
Chini kabisa, panya kajifunga aproni, anakausha sahani.

Mstari wa pili, mkono ukanisaliti.
Daktari ana jina la mtetemo huu; mimi namwita mgeni,
maana haji kwa hodi.
Nikarudia herufi mara mbili.
Karatasi haisamehe, ila ngozi ya ndama husamehe:
kisu, kwangua, vumbi, kwangua tena.
Ukiinua kwenye mwanga utaona weupe mdogo.
Asiyejua atadhani ni kovu la ndama mwenyewe,
siku aliyoparuza waya.

Maneno yenyewe ni haya:

    Kwa wote waisomao, leo na siku za mbele,
    Wajue kuna walao, na yupo mmoja kule;
    Karamu wamalizao, huviacha vyombo tele:
    Twaipa heshima leo, mikono ya maji yale.

Mfalme alipoita jina, ukumbi wote uligeuka.
Hakuna aliyejitokeza.
Alikuwa jikoni, bila shaka. Wapi tena?
Wakamleta povu likimchuruzika viwikoni.
Akajipangusa kwenye aproni, mara ya kwanza,
ya pili, ya tatu, bado hakuigusa hati.
"Nishikieni," akasema.
Dhahabu hakuitazama. Sufuria aliitazama kidogo,
kama mtu anayemtazama dada mgomvi.
Akainama, miwani ina ukungu, akamkuta panya.
Kimya.
"Sahani hiyo," akasema, "bado ina doa."

Kweli lilikuwepo. Tone la zingifuri,
dogo kuliko mbegu ya haradali, lililoniponyoka saa nane usiku.
Nilidhani nimelificha.
Akacheka mpaka akaketi kwenye kiti cha enzi,
na mfalme hakudai kiti chake.

Ameitundika juu ya karo lake, nyumbani.
"Mvuke utaiharibu," watu wananinong'oneza,
"mwambie wewe, wewe ndiye fundi."
Simwambii.
Dhahabu ile ilishika kwa pumzi.
Tena jana kanipigia simu, hajasema habari gani:
panya, anasema, amechoka kusimama,
hati ijayo nimchoree kigoda.